Lugha ya Upimaji katika Utabiri wa Dimensia: Hali ya Kibirichia

1. Utangulizi

Huko Kibirichia, kaskazini mwa Mlima Kenya, mzee anayerudia swali lilelile mara tatu huenda akaambiwa kuwa ni uzee tu. Wataalamu wa tiba, hata hivyo, hutofautisha usahaulifu wa kawaida, upungufu mdogo wa utambuzi, na dimensia. Mwenye upungufu mdogo husahau kuliko wenzake wa umri wake, lakini bado hujitegemea: hupanda viazi, huviuza na kuhesabu fedha zake. Mwenye dimensia hupoteza uwezo huo wa kujitegemea. Makala haya yanadai kwamba kutabiri ni nani atakayevuka hadi dimensia ni suala la lugha pia, wala si la tiba pekee.

2. Utabiri na Mipaka Yake

Mwaka 1999, Ronald Petersen na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, waliripoti kuwa takriban asilimia 12 ya wagonjwa wao wenye upungufu huo walipata dimensia kila mwaka. Wapo pia wanaobaki walivyo, na wanaorejea hali ya kawaida, hasa chanzo kikiwa ni ugonjwa unaotibika kama vile sonona. Picha za ubongo na vipimo vya protini za amiloidi na tau husaidia kutabiri, ila gharama yake ni kubwa. Kwa hivyo, vijijini tegemeo kuu ni maswali, na maswali huulizwa kwa lugha.

3. Lugha kama Kipimo

Jaribio la MoCA, lililochapishwa mwaka 2005 na kusahihishwa kwa alama 30, humtaka mtu anakili mchoro wa mchemraba, achore saa, na ataje simba, kifaru na ngamia kwa kutazama picha. Mzee aliyelelewa kwa Kimeru na asiyesoma shule aweza kupoteza alama ilhali kumbukumbu yake ni timamu. Akiambiwa ataje wanyama kwa Kiswahili kwa dakika moja, sehemu ya dakika hiyo huishia katika kutafsiri. Matokeo ni mawili: mwenye afya kutiwa hofu bure, au mgonjwa halisi kudhaniwa kuwa hajui Kiswahili tu.

Wilayani Hai, Tanzania, jaribio la IDEA lilibuniwa kwa kuzingatia wazee wasiosoma. Badala ya kuchora, mzee hupanga njiti za kiberiti.

4. Hitimisho

Alama za siku moja hazitoshi kutabiri. Yafaa mzee wa Kibirichia apimwe kwa lugha anayoifikiria, alama zake zilinganishwe na zake mwenyewe za mwaka uliotangulia, na jamaa zake waulizwe kama amebadilika. Kutafsiri jaribio si kubadilisha maneno tu: neno jepesi kukumbukwa kwa Kiswahili laweza kuwa geni kwa Kimeru. Kazi hiyo yamhitaji mwanaisimu kando ya daktari.