Mtoto Aliyeona Rangi za Hesabu

Daniel Tammet alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1979, kifungua mimba wa watoto tisa. Shuleni alikaa peke yake. Kuzoeana na wenziwe kulimwia vigumu, wala hakuna aliyejua sababu. Hesabu ndizo zilizokuwa rafiki zake: kila moja aliiona ina umbo na rangi yake, 1 ilikuwa nyeupe, yenye kung'aa.

Mwaka 2004, mjini Oxford, alitaja kwa moyo tarakimu 22,514 za pai, hesabu ya duara isiyo na mwisho, kwa muda wa saa tano na dakika tisa. Mwaka uo huo alielezwa kwamba ana usonji, nao ni maumbile ya akili, si ujinga wala kiburi.

Basi, mwanafunzi, ukimwona mwenzako amejitenga uwanjani, usimcheke. Hujui ayaonayo.