Bartimayo Wodini

Vijana wenzangu, someni Mk 10:46-52. Umati ulimkemea Bartimayo anyamaze, yeye akazidi kupaza sauti. Yesu, ingawa aliuona upofu wake, alimuuliza kwanza anataka nini.

Mama mmoja wa hapa Buseresere husafiri kwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Alipolazwa kwa malaria, nesi akashika mkono wake wa kushoto ampime presha. Mama akasema taratibu, "Samahani mwanangu, huu ni mkono wa mashine. Ukibanwa, mshipa unaweza kuziba. Tumia huu mwingine."

Kusema hivyo ni kulinda uhai aliopewa na Mungu, tusikuite kiburi.

Wiki hii ukimtembelea mgonjwa, muulize anataka nini. Akikosa nguvu ya kusema, msemee.