Mto Tana na Watu Wake

Mto Tana ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Urefu wake wapata kilometa 1,000. Maji yake hutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, hupita Garissa na Hola katika nchi kavu, kisha hufika Garsen. Kutoka hapo hutawanyika katika maziwa na vinamasi, hata kuingia Bahari ya Hindi. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belazoni kuuunganisha na mto Ozi, na maji yakafuata njia hiyo mpya mpaka Kipini.

Wapokomo hulima kando ya mto. Mafuriko yakishuka huacha udongo wenye rutuba, nao hupanda mpunga, mahindi na ndizi. Waorma ni wafugaji. Wakati wa mvua huchunga mbali. Kiangazi kikija madimbwi hukauka, nao huteremsha ng'ombe mtoni. Njia ziachwazo kati ya mashamba ili mifugo ifike majini huitwa malka.

Tangu 1968, lilipoanza bwawa la umeme la Kindaruma, mabwawa mengine yamejengwa huko juu, na mafuriko ya kawaida yamepungua. Basi ardhi yenye unyevu imekuwa haba, na baadhi ya malka zimezibwa kwa mashamba. Mwaka 2012 mapigano ya wakulima na wafugaji yaliua watu zaidi ya 100.

Mkulima akiziba malka, ng'ombe watapita shambani; mfugaji akiacha kundi lile mpunga, malka itazibwa. Njia hiyo nyembamba ni mali ya wote wawili.