Pawatila na tope: jinsi ya kutoa mpunga shambani bila kuzama

Wiki hii nimepigiwa simu tatu na vijana wa mabondeni, wote wanauliza kitu kimoja: "Afisa, pawatila imezama na magunia yako juu, nifanyeje?" Kwa hiyo somo la viwavi lisubiri. Leo tuongelee tope.

Kwanza, jua udongo unaopita. Ule mweusi wa mbuga, unaopasuka nyufa kiangazi, ukilowa unaganda kwenye tairi mpaka kashata zote zinajaa na tairi linakuwa laini kama chupa. Hapo hata ukiongeza moto halishiki kitu. Kichanga kina nafuu, unazama kidogo ila unatoka.

Kabla ya kuingia, zima mashine, shuka, pita kwa miguu na fimbo mkononi. Fimbo ikizama kufikia nusu ya tairi, tafuta njia nyingine. Na kama ni korongo lenye maji yanayokimbia, usijaribu kabisa. Maji ya magotini yenye kasi yanamwangusha mtu mzima, na mpunga unaweza kusubiri hadi kesho.

Pili, mzigo. Magunia 10 ya kilo 80 ni kilo 800 hizo, trela lenyewe bado. Njia ikiwa mbaya beba nusu, rudi mara ya pili. (Wale wa lumbesa najua mnanisikia.) Panga magunia yaegemee mbele kidogo ya ekseli. Ukirundika nyuma, trela linanyanyua sehemu ya kuungia na pawatila inakosa uzito wa kukanyaga.

Ukiingia, chagua gia ndogo ukiwa bado pakavu, kisha nenda mwendo mmoja bila kusimama katikati. Tairi likianza kuzunguka bila kusogea, acha papo hapo. Kila mzunguko linachimba shimo lake lenyewe.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo watu wanapoumia. Pawatila ina klachi mbili za kukatia kona, kushoto na kulia. Kwenye tambarare ukibana ya kushoto, gurudumu la kushoto linakosa nguvu, la kulia linaendelea kusukuma, unakata kushoto. Sawa. Lakini ukiwa unateremka na mzigo, injini haivuti tena, inazuia. Ukibana ya kushoto, gurudumu la kushoto linaachiwa, linakimbia, na la kulia bado limeshikwa na injini. Mashine inakata KULIA. Kinyume kabisa.

Nililijua hilo darasani, nikalisahau barabarani. Mwaka wangu wa pili kazini, nilikuwa naendesha mwenyewe kuteremka kwenye kivuko cha tope, trela limejaa. Nilitaka kukwepa shimo upande wa kulia, nikabana kushoto. Tuliingia shimoni moja kwa moja, trela likapinduka. Kijana aliyekuwa amekaa juu ya magunia alivunjika mguu, na msimu ule shamba lake lilivunwa na ndugu zake. Mpaka leo tukikutana ananiita "dereva". Tunacheka, lakini mimi nacheka nusu.

Kwa hiyo kwenye mteremko: weka gia ya kwanza ukiwa juu, usiibadilishe katikati, usiguse klachi za kona, elekeza mashine kwa kusukuma mikono yake kwa nguvu zako. Na hakuna mtu kukaa juu ya mzigo. Hata mwenye mzigo.

Umeshakwama? Usiongeze moto. Shusha magunia, chomoa trela, zima injini, kisha ndipo uchimbe mbele ya magurudumu na kutandika mabua ya mpunga au matete. Nimeona vijana wanasukumia matawi chini ya tairi linalozunguka. Vidole havioti tena jamani. Toa pawatila peke yake mpaka pagumu, halafu livute trela kwa kamba ndefu, watu wote wakae mbali. Kamba ikikatika inarudi kama mjeledi. Yale magurudumu ya chuma ya kuvurugia majaruba yanasaidia sana kwenye tope, ila yafungue kabla ya kufika barabarani, yanakung'uta gia na kuharibu njia ya wenzako.

Ukifika nyumbani osha tope lingali bichi, kagua mikanda na kichujio cha hewa. Mwisho fungua oili ya gia uiangalie rangi. Ikiwa imegeuka kama chai ya maziwa, maji yameingia. Imwage yote, kagua sili, weka mpya, ndiyo uende kuchukua magunia yaliyobaki.