Kulinda Shamba la Kikundi Tana Inapofurika

Kinachomaliza shamba la kikundi kando ya mto Tana huko Garissa ni mafuriko, na mengi hayaletwi na mvua ya Garissa. Mvua hunyesha Mlima Kenya na Aberdare, mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yakajaa na kumwaga, kisha maji yakawafikia huku kwenu vumbi linatimka. Kwa hiyo msingoje wingu. Anzeni matayarisho mwezi mmoja kabla ya mvua za gu za Machi na za deyr za Oktoba.

1. Wekeni alama. Waulizeni wazee maji ya 1997 na ya Novemba 2023 yalifika wapi. Kisha chagueni mti imara ukingoni na mpake mistari miwili. Maji yakigusa wa chini, pampu inatoka. Yakigusa wa juu, watu wanatoka.

2. Gawaneni kazi kwa majina. Pampu ndiyo mali kubwa ya kikundi, na hupotea kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake ameitoa. Andikeni nani ana ufunguo, nani analeta mkokoteni wa punda, nani anakunja mipira. Fanyeni zoezi mara moja mchana, ili mjue la kufanya hata maji yakija usiku.

3. Pangeni mazao kwa mwinuko. Mpapai hufa maji yakituama siku mbili tatu tu, basi upandeni juu pamoja na mbegu za akiba. Mgomba huvumilia kidogo. Vitunguu na nyanya za bondeni zivunwe kabla ya msimu. Hata zikiwa changa kidogo, ni afadhali kuliko kuzivuna zimeoza.

4. Chimbeni mitaro, acheni ukingo. Mitaro ielekee mtoni, isafishwe matope na majani. Msilime hadi kwenye ukingo wa mto: miti na nyasi za pale ndizo zinazoshika udongo.

5. Sikilizeni habari za juu ya mto. Mteueni mtu mmoja wa kufuatilia redio, chifu, Idara ya Hali ya Hewa na matangazo ya kampuni ya umeme ya KenGen kuhusu bwawa la Masinga. Bwawa hilo likitangazwa kufurika, asilale mtu shambani. Wala asirudi kuokoa mkungu wa ndizi: mamba na viboko hufuata maji.

6. Maji yakishuka, msikimbilie jembe. Udongo uliolowa ukikanyagwa hushikana kama tofali. Fungueni mitaro kwanza. Mboga zilizofunikwa na mafuriko msizile mbichi, maana maji hayo yamepitia vyooni. Pampu iliyozama isiwashwe kabla fundi hajamwaga oili na dizeli na kuisafisha.

7. Vuneni faida ya matope. Udongo ulioletwa na mto una rutuba; ukishikika bila kunata mkononi, pandeni kunde na mahindi. Ng'oeni miche ya mathenge, ule mti wa miiba, ingali laini, kwa kuwa mafuriko husambaza mbegu zake. Mkichelewa msimu mmoja, mtahitaji panga na glavu.

Mkutano wenu ujao uanze na swali moja: leo usiku maji yakija, nani anatoa pampu? Kama hakuna jina, hamjawa tayari.