Kiini Macho, Uchawi na Nafsi ya Mtenda: Sanduku la Robert-Houdin Mjini Algiers, 1856

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa tafsiri akikutana na habari za msanii wa jukwaani anayetoa njiwa katika kofia tupu, aghalabu humwita msanii huyo mchawi. Kosa hilo si dogo. Kiswahili kina maneno kiini macho na mazingaombwe kwa mchezo ambao mtazamaji anajua kwamba macho yake yanachezewa; kina pia uchawi na uganga kwa mambo ambayo watu huyaogopa au huyategemea. Makala haya yanadai kwamba mpaka baina ya makundi hayo mawili haumo mkononi mwa msanii, bali umo katika usemi wake, na hasa katika nafsi anayoifanya kiima cha sentensi.

2.0 Sanduku moja, sentensi mbili

Jean-Eugène Robert-Houdin (1805-1871) alikuwa fundi saa kabla ya kufungua ukumbi wake wa mazingaombwe katika Palais-Royal, Paris, mwaka 1845. Miongoni mwa michezo yake ulikuwamo ule wa sanduku dogo ambalo mara lilinyanyulika kwa wepesi, mara likawashinda watu kulibandua. Kitako chake kilikuwa cha chuma, na chini ya jukwaa palifichwa sumaku ya umeme. Mkondo wa umeme ulipopita, sanduku lilinaswa. Zama hizo watu wa kawaida waliojua sumaku ya namna hiyo walikuwa wachache mno.

Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria, ambayo ilikuwa imeanza kuivamia mwaka 1830. Shabaha ilikuwa kuwashushia hadhi marabout, yaani viongozi wa dini ambao watawala waliwashuku kwamba walichochea uasi kwa kuonyesha karama. Katika ukumbi wa maonyesho wa Algiers, mbele ya machifu walioalikwa, Robert-Houdin alilitoa sanduku lile. Kwa masimulizi yake mwenyewe, alibadili jambo moja la msingi, nalo ni namna ya kuueleza mchezo. Tukiufupisha usemi wa Paris na ule wa Algiers kwa Kiswahili (maneno ni yetu, si yake), tunapata:

(1) Sanduku limekuwa zito.
(2) Nimekunyang'anya nguvu zako.

Katika (1) kiima ni sanduku, na kitenzi hakina mtenda. Mtazamaji hubaki akijiuliza: limekuwaje? Hilo ni swali la fundi. Katika (2) kiambishi ni- kinamweka mtenda jukwaani, na -ku- kinamgeuza mtazamaji kuwa mtendwa. Swali sasa ni: huyu ni nani? Bamba ni lile lile na sumaku ni ile ile, lakini kilichobadilika si uzito tena, ni mwili wa mtu. Mtu mwenye nguvu aliyejitolea alivuta akashindwa. Kisha umeme ukapitishwa katika vishikio, naye akapiga kelele na kukimbia.

J. L. Austin (1962) ameeleza kwamba kauli inayotenda jambo hubatilika ikitamkwa na mwigizaji jukwaani. Kanuni hiyo ina sharti: wasikilizaji wawe wanajua kwamba hapa ni jukwaani. Paris sharti hilo lilitimia, kwa kuwa watu walikata tiketi ili wadanganywe. Algiers mpango wote ulitegemea lisitimie. Ndiyo maana yanashangaza maelezo yake kwamba baadaye wakalimani walitumwa kuwafafanulia wageni kuwa yote yalikuwa ustadi tu, wala hayakuhusiana na uchawi. Yaani hofu ilizalishwa kwa sentensi (2), kisha ikafutwa kwa tanbihi.

Hapa msomaji hana budi kuwa na tahadhari. Habari hizi tunazipata hasa katika kumbukumbu alizoziandika Robert-Houdin mwenyewe, na mcheza kiini macho si shahidi wa kuaminiwa kwa urahisi. Machifu wale walielewa nini? Katika kumbukumbu hizo wao ni watendwa tu, kama ilivyo katika sentensi (2).

3.0 Neno na sheria

Suala hili haliishii Algeria. Sheria ya Uchawi ya Tanganyika ya mwaka 1928, ambayo imeendelea kutumika Tanzania, haiishii kwa mtu mwenye nguvu za siri. Katika fasili ya uchawi inaingiza hata kujidai kuzitumia. Kujidai ni tendo la usemi. Kwa hiyo msanii wa mazingaombwe anayewaambia watoto wa shule "tazameni vizuri, mikono ina wepesi kuliko macho" na yule anayewaambia "nina nguvu nilizopewa" wanaweza kuwa wamefanya mchezo ule ule kwa kitambaa kile kile, na bado wakasimama pande mbili za sheria. Katika nchi ambamo vikongwe wameuawa kwa kushukiwa tu kuwa ni wachawi, mfasiri anayeandika mchawi mahali pa mcheza kiini macho hawezi kujitetea kwamba maneno hayo ni visawe. Kamusi zetu nazo, zinapofasili mazingaombwe, zingefaa kutaja bayana ridhaa ya mtazamaji, maana bila ridhaa hiyo fasili inabaki na "mambo ya ajabu" tu, na mambo ya ajabu hata mchawi anayo.