Mipungate Chotara na Rangi za Maua Yake

Mpungate ni mmea wa jamii ya kakati, na asili yake ni bara la Amerika. Kile ambacho wengi hukidhania kuwa jani lake, kwa hakika ni shina lililobapa. Huhifadhi maji na kufanya kazi ya usanisinuru. Huko Amerika ya Kaskazini wapenzi wa bustani huzalisha mipungate chotara kwa ajili ya uzuri wa maua yake. Baadhi ya wazazi wanaotumiwa, kama Opuntia polyacantha, huvumilia hata baridi ya kugandisha maji.

Rangi hutoka wapi?
Katika mimea mingi, wekundu na uzambarau wa maua hutokana na kemikali ziitwazo anthosianini. Kakati hutumia kundi jingine, yaani betalaini. Kundi hili lina sehemu mbili: betasianini, ambazo ni nyekundu au zambarau, na betazanthini, ambazo ni za manjano. Kwa hiyo mpungate wa maua ya manjano ukizalishwa na ule wa maua mekundu, baadhi ya watoto huweza kuwa na rangi za kati, kama vile rangi ya chungwa.

Jinsi ya kuzalisha chotara
Mkulima hulifungua chipukizi la ua la mmea mama kabla halijachanua, akaziondoa stameni zote. Kisha huleta chavua ya mmea baba kwa brashi ndogo na kuipaka kwenye stigma. Ua hufunikwa kwa mfuko wa karatasi ili nyuki wasilete chavua nyingine, na kibandiko chenye majina ya wazazi na tarehe hufungwa hapo. Tunda likiiva, mbegu hupandwa. Miche huchukua miaka kadhaa kabla ya kuchanua, na kila mche huweza kuwa na mchanganyiko wake wa jeni.

Akipata ua analolitaka, mkulima hategemei tena mbegu. Hukata kipande cha shina, hukiacha jeraha lake likauke kwa wiki moja au zaidi, kisha hukipanda katika udongo wa kichanga. Mmea mpya huwa na jeni zilezile.

Tahadhari
Uwezo huohuo wa kipande kuwa mmea kamili ndio huufanya mpungate kuwa hatari nje ya kwao. Nchini Australia ulifunika zaidi ya hekta milioni 20, mpaka nondo Cactoblastis cactorum kutoka Argentina alipoachiliwa mwaka 1926 ili viwavi wake waule. Huko Laikipia, Kenya, Opuntia stricta imevamia malisho. Vijiba vyake hujeruhi midomo na matumbo ya mifugo, na tembo na nyani hueneza mbegu zake.

Hivyo basi, mwalimu asiagize wala kusambaza vipande vya mpungate kwa ajili ya somo. Palipo na mmea uliokwisha kuota, wanafunzi wauchunguze papo hapo: wakizigusa stameni kwa kijiti, wataziona zikijikunja kuelekea katikati ya ua. Wasiushike kwa mikono mitupu.

Maswali
1. Kwa nini stameni za mmea mama huondolewa mapema?
2. Kwa nini chotara bora huendelezwa kwa vipande na si kwa mbegu?
3. Kwa nini kuufyeka mpungate na kuacha vipande shambani huweza kuuzidisha?